Kutoka chumba cha klabu hadi Pittsburgh: safari ya miaka minane na nusu ya Gift Ngoepe

Kaskazini mwa jiji la Johannesburg, katika eneo la Randburg, ipo klabu ya besiboli iitwayo Randburg Mets. Kama zilivyo klabu nyingi za michezo, ina kiwanja, ina jengo la wanachama kukutania na kubadilishia nguo, na ina mtu wa kulisafisha jengo hilo wanachama wakishakwenda zao. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama mmoja, Bi. Maureen Ngoepe. Kazi ikiisha jioni hakuwa na safari ya kurudi nyumbani, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa humo humo: chumba kimoja kidogo ndani ya jengo la klabu, yeye na wanawe.

Mmoja wa watoto hao alizaliwa tarehe 18 Januari 1990 katika mji uliokuwa ukiitwa Pietersburg, ambao leo ni Polokwane. Alipewa jina la Mpho, neno ambalo kwa lugha za Kisotho maana yake ni zawadi, na kwa Kiingereza akaitwa Gift, ambalo ni neno lile lile kwa lugha nyingine. Sisi huku pwani pengine tungemwita Hiba. Wenzake wengi walifika kiwanjani wakiletwa na magari ya wazazi wao. Yeye alikuwa akifungua mlango tu na kiwanja kiko mbele yake. Wanachama walipohitaji mtu wa kuwarudishia mipira, mtoto wa mama wa usafi alikuwapo. Mchezaji mmoja alipokosekana, alikuwapo pia.

Tarehe 26 Aprili 2017 mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 27, aliingia katika uwanja wa Pittsburgh, Marekani, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa katika bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya nchi hiyo. Habari hiyo ilitangazwa duniani kote, nayo ni habari njema. Lakini kwa mzazi, jambo la kusoma kwa makini si usiku ule mmoja. Ni ile miaka minane na nusu iliyoutangulia, ambayo watangazaji huipita kwa sentensi moja.

Msomaji anaweza kuuliza, besiboli inatuhusu nini sisi? Miaka ishirini iliyopita swali hilo lingekuwa na haki. Leo vijana wa sekondari wa Dar es Salaam wanaucheza mchezo huu, na Shule ya Azania ina kiwanja cha besiboli kilichojengwa kwa msaada wa Wajapani. Jirani zetu wa Uganda wametutangulia mbali zaidi: mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote wawili warushaji. Jina la huyu wa pili litamfanya msomaji wetu asimame kidogo. Dini ya mtu haisomwi kwenye jina peke yake, nasi hatutamsemea. Ila ni wazi kwamba siku haiko mbali ambapo baba au mama katika nyumba ya Kiislamu ya Afrika Mashariki ataletewa karatasi ya mkataba na kuambiwa atie saini. Ni vyema ajue karatasi hiyo inampeleka mwanawe wapi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Besiboli ni binamu wa kriketi. Mrushaji humrushia mpigaji mpira mdogo mgumu. Mpigaji huupiga kwa gongo la mviringo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama kituo cha mwisho, timu yake imepata alama. Kilicho cha ajabu katika mchezo huu ni kiasi cha kushindwa kilichomo ndani yake. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila mara kumi huhesabiwa bingwa, na anayefanikiwa mara mbili tu huenda akafukuzwa kazi. Tofauti baina ya wawili hao ni mpigo mmoja katika kumi. Gift Ngoepe aliishi miaka yake yote ya ujana katika upenyo huo mwembamba.

Dola elfu kumi na tano

Kijana wa Kimarekani huingia katika mchezo huu kupitia shule. Huanza katika timu za watoto za mtaani, akaingia timu ya sekondari, na akiwa mzuri, wasaka vipaji wa klabu kubwa huanza kukaa nyuma ya uzio na vipima mwendo mikononi. Akimaliza sekondari huwa na njia mbili. Klabu inaweza kumchagua katika mchujo wa kila mwaka, akaenda moja kwa moja kwenye ligi ndogo. Au anaweza kukataa, akaenda chuo kikuu kwa ufadhili wa michezo. Na akishaingia chuo cha miaka minne, klabu haziruhusiwi kumchagua tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe umri wa miaka 21. Wazazi wa Marekani hubishana sana mezani juu ya njia hizi mbili. Mwenye kwenda chuo, hata goti likivunjika, hubaki na elimu. Mwenye kutia saini akiwa na miaka 18 hubaki na fedha alizopewa siku ile, kama bado zipo.

Kijana wa nje ya Marekani hana njia ya pili. Hapitii mchujo. Klabu yoyote inaweza kumsajili tangu akiwa na umri wa miaka 16, na kwa kuwa hakuna chuo kinachomsubiri, neno lake katika mapatano ni dogo. Afrika Kusini, mahali ambapo besiboli hukaa zaidi katika klabu kuliko katika mashule, Randburg Mets ndiyo iliyokuwa shule ya Ngoepe. Kutoka hapo alipelekwa Italia, katika mji wa pwani wa Tirrenia, ambako ligi kuu ya Marekani ilikuwa ikiendesha mafunzo kwa vijana wa Ulaya na Afrika. Miongoni mwa walimu waliomwona huko alikuwamo Barry Larkin, aliyekuwa nyota wa Cincinnati katika nafasi ile ile aliyoicheza Ngoepe: pengo lililo baina ya kituo cha pili na cha tatu, ambako mipira mikali hupita zaidi na mchezaji huhitaji miguu miepesi na mkono wa haraka. Hivyo vyote kijana alikuwa navyo. Kupiga ndiko kulikokuwa na mashaka.

Mwishoni mwa mwaka 2008 Pittsburgh Pirates wakamsajili. Alikuwa na miaka 18. Fedha za kutia saini zilikuwa dola 15,000.

Kwa mama anayeishi katika chumba cha klabu, dola 15,000 si fedha ndogo, na hatupaswi kuzidharau. Lakini mzazi anafaa kuzipima kwa mizani ya waliozitoa. Mwaka huo huo klabu hiyo hiyo ilimsajili mchezaji kutoka chuo kikuu cha Vanderbilt, Pedro Alvarez, kwa zaidi ya dola milioni 6. Klabu iliyotumia milioni sita kwa mtu itamvumilia miaka na miaka hata akikosea, kwa sababu haitaki kukiri kwamba imetupa fedha yake. Aliyenunuliwa kwa elfu kumi na tano huachwa bila mtu kukosa usingizi. Hii si dhuluma ya mtu fulani. Ndivyo soko lilivyo. Ila kijana wa Kiafrika anapoambiwa kwamba sasa yuko sawa na wenzake wote kiwanjani, kauli hiyo ni kweli kwa upande wa sare tu.

Ngazi na posho

Ligi ndogo ni ngazi. Kila klabu kubwa ya Marekani inamiliki au inaongoza timu kadhaa katika miji midogo, moja juu ya nyingine, na mchezaji hupandishwa au kushushwa kadiri klabu mama inavyoona. Ngoepe alizipita karibu zote. Mwaka 2009 alianza chini kabisa, Bradenton katika jimbo la Florida. Mwaka 2010 akawa State College, Pennsylvania. Mwaka 2011 West Virginia. Mwaka 2012 akarudi Bradenton, safari hii katika timu ya ngazi ya juu zaidi. Kisha Altoona, kisha Indianapolis, ambayo ni ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Jumla yake ni zaidi ya michezo 700, mingi ikiwa imechezwa usiku, na safari baina ya miji kwa basi.

Alizilipwa nini siku hizo? Katika miaka ile mchezaji wa ngazi za chini aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza alilipwa kama dola 1,100 kwa mwezi, na alilipwa katika miezi ya msimu tu, ambayo ni kama mitano. Wiki za mazoezi kabla ya msimu hazikuwa na mshahara. Kipindi cha baridi hakikuwa na mshahara. Vijana walikuwa wakikodi nyumba moja watu watano au sita, wakalala juu ya magodoro ya upepo sebuleni, na msimu ukiisha wakaenda kufanya kazi dukani au ghalani. Wakati huo huo kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu mwaka 2017 kilikuwa dola 535,000 kwa mwaka. Mtu angeweza kuvuka kutoka ufukara hadi utajiri kwa simu moja ya usiku, na tumaini la simu hiyo ndilo lililowafanya maelfu ya vijana wanyamaze.

Hawakunyamaza wote. Baadhi ya wachezaji wa ligi ndogo walikwenda mahakamani kudai ujira wa halali wa kazi yao, na mwaka 2022 ligi kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi hiyo. Mwaka huo huo klabu zikalazimika kuwapa wachezaji wengi wa ligi ndogo malazi, na wachezaji hao wakajiunga na chama cha wafanyakazi cha wenzao wa ligi kuu. Mkataba wa kwanza wa pamoja ulifungwa mwaka 2023. Tangu hapo mchezaji wa ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo hupata si chini ya dola 35,800 kwa mwaka, na wa ngazi ya chini kabisa dola 19,800. Huo bado si utajiri, lakini ni mshahara wa mtu. Ngoepe na wenzake wa zama zake waliutumikia mchezo huu kabla ya mabadiliko hayo.

Hapa mzazi Mwislamu atakuwa na maswali yake ya ziada, na ni haki yake kuyauliza mapema. Michezo ya ligi ndogo huanza kwa kawaida saa moja jioni, wakati wa magharibi, na huisha baada ya isha. Msimu huanza majira ya machipuko na huchezwa karibu kila siku, Ijumaa ikiwa siku kama nyingine. Ramadhani katika miaka hii imekuwa ikiangukia Februari na Machi, yaani katika mazoezi ya kabla ya msimu, kipindi ambacho makocha huamua nani apande na nani aachwe. Ushindi mkubwa husherehekewa kwa kumwagiana pombe chumbani. Kabla malazi hayajawa wajibu wa klabu, vijana wengi walikaa kwa familia za wenyeji zilizojitolea kuwapokea. Nyingi ni familia za watu wema kabisa, lakini jiko lao ni lao na mbwa wao hulala ndani. Hakuna hata moja katika haya lisilo na njia. Kijana anaweza kumweleza kocha wake kuhusu swala na chakula, na wapo makocha watakaomsikiliza. Lakini ataeleza peke yake, kwa lugha ya kigeni, akiwa na miaka kumi na minane, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumrudisha nyumbani. Lugha na ujasiri wa mazungumzo hayo vinahitaji kufundishwa nyumbani kabla ya safari.

Na kuna kamari. Siku hizi kampuni za kubahatisha zimekuwa washirika rasmi wa ligi yenyewe, matangazo yao yako kila mahali, lakini mchezaji akibashiri mechi ya timu yake hufungiwa maisha. Mwezi Juni 2024 ndivyo ilivyompata Tucupita Marcano, kijana kutoka Venezuela aliyepata kuwa mchezaji wa Pittsburgh. Ligi inayowauzia watazamaji kamari na kuwafukuza wachezaji kwa kamari hiyo hiyo haina haja ya maelezo yetu, tunawaachia wasomaji.

Mwaka wa 2013

Turudi kwa Ngoepe. Mwaka 2013 alipandishwa Altoona, ngazi ambayo kwa desturi huwachuja wachezaji wenye kufaa na wasiofaa. Akashindwa kupiga. Alikuwa na mazoea ya kupiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, jambo linalothaminiwa sana katika mchezo huo, lakini kwake upande wa kushoto ulikuwa mzigo, na baadaye aliuacha kabisa. Mwaka huo huo mama yake akashikwa na nimonia. Kijana akaacha mpira, akarudi Afrika Kusini. Bi. Maureen akafariki.

Tuna desturi ya kuzisimulia habari za namna hii kana kwamba msiba ni ngazi nyingine ya kupandia. Mama hufa, mwana hulia, kisha hupata nguvu mpya na kushinda. Haikuwa hivyo. Ngoepe alirudi Marekani, akashushwa tena Bradenton kwa muda, na mwaka uliofuata akaanza upya Altoona. Miaka minne ikapita baina ya kaburi na ule usiku wa Pittsburgh. Katika miaka hiyo alikuwa mchezaji ambaye kila kocha alimsifu kwa kudaka na kurusha, na kila kocha alitikisa kichwa kwa kupiga kwake. Mwaka 2015 akafika Indianapolis. Mwaka 2016 alikuwa bado Indianapolis. Vijana aliokuwa amewazidi umri walikuwa wakipita kando yake kwenda juu.

Nani alimlea katika miaka hiyo ya kungoja? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mama aliyemlea alikuwa amekwishaondoka. Nyumba ya kurudi ilikuwa chumba cha klabu ambacho sasa hakikuwa na mwenyewe. Waandishi wa michezo huandika kuhusu mikono na miguu ya kijana, nasi tunasoma hivyo hivyo, bila kujiuliza anampigia nani simu saa sita za usiku baada ya kukosa mipigo minne mfululizo katika mji asiomjua mtu. Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe katika njia hii na ajihesabu mwenyewe kuwa ndiye atakayepigiwa simu hiyo, kwa miaka, bila mshahara.

Usiku wenyewe ulifika bila tarumbeta. Msimu wa 2017 Pittsburgh walipungukiwa wachezaji wa ndani: mmoja, raia wa Korea Kusini, alikwama kwao kwa kukosa viza baada ya kuhukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na wengine waliumia. Simu ikapigwa Indianapolis. Tarehe 26 Aprili, Pirates wakicheza na Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia, Ngoepe aliingizwa mchezo ukiwa katika zamu ya nne. Muda mfupi baadaye ikafika nafasi yake ya kupiga. Mrushaji alikuwa Jon Lester, mmoja wa warushaji mashuhuri wa kizazi chake. Mtu aliyekuwa akisemwa kwamba hawezi kupiga alipiga, mpira ukapita katikati ya kiwanja, naye akafika kituo cha kwanza salama. Pirates wakashinda 6 kwa 5.

Je, baada ya hapo? Hesabu ni fupi. Alicheza michezo 28 ya ligi kuu mwaka ule, kiwango chake cha kupiga kikiwa 222 katika elfu. Mwezi Novemba akapelekwa Toronto. Mwaka 2018 alicheza huko michezo 13, akafanikiwa kupiga mara moja tu katika majaribio 18. Haikuwapo ya 42. Michezo zaidi ya 700 chini, 41 juu. Na huyu ndiye aliyefaulu. Wenzake walio wengi, aliosafiri nao katika mabasi yale, hawakupata hata mmoja.

Karatasi ya umri

Kabla ya gongo na glovu, kuna jambo moja ambalo mzazi analo mkononi mwake siku ile mtoto anapozaliwa, nalo ni tarehe. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilikwenda Poland, ikaishinda timu ya Saudi Arabia, na ikawa timu ya kwanza ya Afrika kustahiki mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania. Watoto hawakwenda. Ubalozi wa Marekani ulikataa kuwapa viza kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka za umri wao. Timu waliyoishinda ndiyo iliyokwenda badala yao. Yapo mambo ya kutia moyo yaliyofuata: Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapangiwe kucheza nao, walisafiri wao wenyewe hadi Uganda ili mchezo ule uchezwe, na Waganda wakashinda 2 kwa 1. Miezi michache baadaye timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ilifuzu na ikapata viza. Lakini watoto wale wa 2011 walikuwa wameukosa umri. Miaka kumi na miwili haiji mara mbili.

Nani alikosa? Pengine hakuna aliyekusudia. Kila mwenye kuishi huku anajua hitilafu hizi zinavyozaliwa. Bibi anakumbuka kwamba mtoto alizaliwa mfunguo mosi, mwaka wa mvua kubwa. Kadi ya kliniki ina tarehe moja. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika nyingine, kwa kuwa mtoto alionekana mkubwa na nafasi zilikuwa chache. Cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa alipofika darasa la saba, kikafuata kumbukumbu ya mjomba aliyekwenda kukichukua. Nyumba nyingi huishi na tarehe tatu bila shida, mpaka siku afisa wa ubalozi anapozipanga mezani pamoja.

Wapo pia wanaokusudia, na huko Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wengi kuliko nyingine yoyote nje ya Marekani, jambo hili limekuwa biashara. Klabu hulipa zaidi kwa mtoto wa miaka 16 kuliko kijana wa miaka 20 mwenye uwezo ule ule; kwa hiyo wapo madalali wanaowachukua watoto wakiwa wadogo, wakawalisha na kuwafundisha, wakatia mkono katika vyeti vyao, kisha wakachukua fungu nono la fedha za kutia saini. Mwaka 2006 klabu ya Washington ilimlipa kijana aliyejiita Esmailyn González dola milioni 1.4. Mwaka 2009 ikadhihirika kuwa jina hilo si lake. Aliitwa Carlos Lugo, na alikuwa amepunguza miaka minne. Mrushaji aliyejulikana kama Fausto Carmona alifika hadi ligi kuu na kucheza miaka mingi, kisha Januari 2012 akakamatwa mjini Santo Domingo alipokwenda kuomba viza: naye aliitwa Roberto Hernández, na alikuwa mkubwa kwa miaka mitatu. Mtu anayeitwa kwa jina la mwingine na watu elfu arobaini kila usiku, na mama yake akiwa hai, amelipa zaidi ya fedha.

Dalali akija katika mtaa wetu hatavaa kofia ya udalali. Atakuja kama mfadhili, pengine kama ndugu. Atasema kwamba mtoto ana kipaji, na huenda ni kweli. Kisha atasema kwamba mwaka mmoja ukipunguzwa hakuna atakayedhurika. Baba aliyeambiwa hivyo na akanyamaza amekwishatia saini ya kwanza, kabla ya ule mkataba wenyewe haujafunguliwa.

Kuhusu Randburg, kuna jambo moja zaidi la kueleza. Bi. Maureen hakuwa na mtoto mmoja tu mwenye miguu miepesi. Katika chumba kile alikulia pia Victor, mdogo wake Gift, akicheza katika kiwanja kile kile, nafasi zile zile za ndani. Katikati ya mwaka 2016 Pittsburgh Pirates walimsajili naye. Wakati huo kaka yake alikuwa Indianapolis, katika mwaka wake wa nane wa kungoja, bado hajapigiwa simu. Na mama alikuwa na miaka mitatu kaburini. Victor alijua vizuri kuliko mtu yeyote urefu wa njia aliyokuwa akiingia. Akatia saini, akapanda ndege kwenda kuanza ngazi ya chini kabisa.